Deni la Juzuu la Mwisho

J. R. R. Tolkien hakupata kuandika hadithi ya majuzuu matatu. Aliandika kitabu kimoja kirefu, The Lord of the Rings, kilichomla zaidi ya miaka kumi, na ni wachapishaji wake wa London, Allen & Unwin, waliokikata vipande vitatu. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha lakini karatasi Uingereza ilikuwa bado ghali, na hakuna aliyekuwa na hakika kwamba watu wazima watatoa pesa kununua ngano ya mazimwi na wafalme yenye kurasa zaidi ya elfu moja. Kikikatwa, hasara ikija ingekuja kidogo kidogo. Vipande viwili vilitoka mwaka 1954, cha tatu kikafuata 1955. Aliyeisimamia kazi hiyo, Rayner Unwin, alikuwa mtoto wa mwenye kampuni. Alipokuwa na umri wa miaka kumi baba yake alimpa shilingi moja asome muswada wa The Hobbit, kitabu cha Tolkien kilichotangulia, na kutoa maoni, naye akaupitisha. Sijui kama kuna shilingi nyingine katika historia ya uchapishaji iliyozaa faida kama ile.

Kwa hiyo umbo ambalo leo tunaliona kama la kuzaliwa nalo, hadithi moja kutolewa juzuu baada ya juzuu, lilitokana na bei ya karatasi. Waliofuata walilichukua kama sheria. Mwaka 1965 matoleo ya bei nafuu ya Tolkien yalitoka Marekani, la kwanza bila idhini yake, na wanafunzi wa vyuo wakayagombania. Mwaka 1977 Terry Brooks alichapisha The Sword of Shannara chini ya mhariri Lester del Rey, kitabu kinachomfuata Tolkien hatua kwa hatua hadi msomaji anaweza kutaja nani ni nani. Kikauzwa sana. Wachapishaji wakaelewa somo: aliyependa juzuu la kwanza tayari ni mteja wa la pili na la tisa, na kila jipya linapoingia dukani, la kwanza nalo linapata wanunuzi wapya. Tangu hapo mwandishi chipukizi wa fantasia haulizwi kama ana mfululizo. Huulizwa una majuzuu mangapi.

Wengi wetu Afrika Mashariki tuliingia katika ulimwengu huu kwa mlango wa televisheni, pale Game of Thrones ilipokuwa ikipita mkono kwa mkono ndani ya flashi, na vitabu tukavitafuta baadaye. Pengine ndiyo sababu ubishi wetu kuhusu waandishi hawa hufanana na ubishi wa filamu: majoka ya nani yanatisha zaidi, vita vya nani vimepangwa vizuri, ramani ya nani ina nchi nyingi. Hivyo ni vigezo halali, lakini kwangu ni vya daraja la pili. Mwandishi anayekuuzia juzuu la kwanza kati ya kumi amekuahidi mengine tisa, na ahadi ni deni. Cha kumpimia ni namna anavyovuka katikati, mahali ambapo hadithi huanza kuzaa hadithi, na namna anavyolipa mwishoni. Kwa kipimo hicho baadhi ya majina makubwa hushuka, na jina moja ambalo halitajwi sana hupanda.

Tuanze na Robert Jordan, kwa sababu maradhi ya katikati yanaonekana kwake waziwazi kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa James Oliver Rigney, mtu wa Charleston, South Carolina, aliyepigana Vietnam ndani ya helikopta kisha akasomea fizikia na kufanya kazi ya uhandisi wa nyuklia kwa jeshi la majini. Mwaka 1990 alitoa The Eye of the World, mwanzo wa The Wheel of Time. Vijana watatu wa kijijini, Rand, Mat na Perrin, wanakimbia nyumbani usiku baada ya kuvamiwa, na taratibu tunagundua kwamba Rand ndiye aliyetabiriwa kuiokoa dunia na kuivunja. Uzuri wa Jordan uko katika wingi wa mila. Kila taifa lake lina adabu zake, mavazi yake, namna yake ya kulipa fidia ya damu na ya kuposa. Ukikaa naye juzuu tatu unaweza kutambua mtu anatoka wapi kwa jinsi anavyoinama kusalimia.

Majuzuu sita ya kwanza yalitoka kati ya 1990 na 1994. Kasi ya ajabu, na hadithi inakwenda. Baada ya hapo mambo yakagota. Chukua kisa kimoja tu: mwishoni mwa The Path of Daggers, kitabu cha mwaka 1998, Faile, mke wa Perrin, anatekwa. Perrin anatoka kumtafuta. Anatafuta juzuu zima la Winter's Heart, anatafuta juzuu zima la Crossroads of Twilight, na kumkomboa anamkomboa mwaka 2005, katika Knife of Dreams. Msomaji aliyeanza kidato cha kwanza siku mke alipotekwa alikuwa amemaliza kidato cha sita mke aliporudi. Crossroads of Twilight ndicho kinachosimangwa zaidi, na kinastahili. Kitabu kilichotangulia kilimalizika kwa tukio kubwa kuliko yote hadi hapo: Rand anaisafisha nguvu ya uchawi ya wanaume, iliyokuwa na sumu ya kuwatia wazimu kwa maelfu ya miaka. Kitabu kinachofuata badala ya kutuonyesha matokeo kinarudi nyuma, na sura kwa sura watu wa pande zote za dunia wanahisi kishindo kutoka mbali, wanasimama, wanashangaa, kisha wanaendelea na chai yao.

Kwa nini mwandishi hodari aangukie shimo hilo? Si uvivu, Jordan hakuwa mvivu hata kidogo. Kila mhusika mdogo aliyempenda alimpa mlango wake wa kuingilia, na kila mlango ulihitaji kitu cha kufanyika ndani. Wahusika wenye majina walifika mamia kwa mamia. Ukiwa na nyuzi ishirini na kila uzi unadai sura mbili, umeshamaliza kitabu na hakuna hata mmoja uliosogea. Tena hakukuwa na wa kumzuia: mhariri wake Harriet McDougal alikuwa pia mkewe, alikuwa hodari, na vitabu vilikuwa vikiingia kileleni mwa orodha za mauzo hata vilipolalamikiwa. Soko halikumpa sababu ya kupunguza.

Kisha ikaja habari ya mwaka 2006 kwamba ana ugonjwa adimu wa moyo. Aliapa kitabu cha kumi na mbili kitakuwa cha mwisho, hata kiwe kinene kiasi gani. Alipozidiwa aliwasimulia ndugu zake yatakayotokea, wakarekodi, akaacha maelezo mengi na baadhi ya sura zilizokamilika, ikiwamo tamati yenyewe. Alifariki Septemba 16, 2007, akiwa na umri wa miaka 58. Harriet alisoma maombolezo yaliyoandikwa na kijana mmoja wa Utah aliyekuwa na vitabu vichache tu sokoni, Brandon Sanderson, akasoma na riwaya yake ya Mistborn, akampa kazi. Kitabu kimoja kikawa vitatu, 2009, 2010 na Januari 2013, na mfululizo ukafungwa kwa majuzuu 14 na utangulizi mmoja. Mashabiki waligundua mara moja kwamba Mat wa Sanderson anatania tofauti na Mat wa Jordan, na Sanderson mwenyewe alikiri. Lakini Perrin akaacha kuzunguka, vita ya mwisho ikapiganwa, na deni likalipwa na mjane pamoja na mgeni. Katika fani hii sijaona kitendo cha uaminifu kwa wasomaji kinachokaribia hicho. Amazon walipoigeuza kuwa tamthilia mwaka 2021 waliifutilia mbali baada ya misimu mitatu, mwaka 2025, na ikabaki bila mwisho. Hapo vitabu vikaishinda televisheni kwa jambo ambalo watu hawakulitarajia.

George R. R. Martin ni habari nyingine. Alizaliwa mwaka uleule wa 1948 kama Jordan, huko New Jersey, na alifanya kazi Hollywood miaka kadhaa kabla ya kurudi kwenye vitabu. Mwaka 1991 ilimjia picha ya mvulana anayepelekwa kushuhudia mtu akikatwa kichwa, kisha njiani wanaokota watoto wa mbwamwitu thelujini. Akaiacha kazi aliyokuwa nayo mkononi akaandika hiyo. Alikusudia majuzuu matatu. A Game of Thrones ilitoka 1996, A Clash of Kings 1998, A Storm of Swords 2000.

Sina budi kusema wazi: A Storm of Swords ndicho kitabu bora cha fantasia ndefu nilichowahi kusoma. Martin alichukua ukatili wa historia halisi, hasa vita vya kugombea taji la Uingereza katika karne ya 15, akautia ndani ya dunia yenye majoka. Kila sura inabeba jina la mtu mmoja na tunaona kwa macho yake pekee. Katika kitabu cha kwanza watu hao ni wanane, na mmoja wao, Eddard Stark, ndiye tunayemdhani mhimili wa hadithi hadi upanga unapomshukia shingoni. Baada ya kifo kile msomaji hamwamini tena mwandishi kumlinda yeyote, na hofu hiyo ndiyo injini ya majuzuu mawili yanayofuata. Harusi ya damu ya kitabu cha tatu inaumiza kwa sababu dalili zote zilikuwepo: muziki uliopigwa, milango iliyofungwa, nguo ya chuma iliyoguswa chini ya mkono wa joho. Tulizisoma na bado tukatumaini.

Baada ya hapo fundo likafungika. Watoto wa hadithi walikuwa bado wadogo mno kwa mambo aliyowapangia, akaamua kuruka miaka mitano. Kwa Arya na Bran, waliokuwa wakijifunza, kuruka kulifaa. Lakini Cersei yuko madarakani na Jon Snow ana ngome ya kuilinda. Hawawezi kuketi miaka mitano bila jambo kutokea, na kila walilolifanya ikabidi lielezwe kwa kukumbuka nyuma. Mwaka 2001 akautupa mpango huo pamoja na kurasa nyingi alizokwisha kuziandika. Kilichokuja badala yake kilinenepa hadi kikakatwa katikati, si kwa wakati bali kwa jiografia: nusu ya watu wakaingia A Feast for Crows, 2005, nusu nyingine wakasubiri. Mwishoni mwa kitabu hicho alieleza tumaini lake kwamba wenzao watafuata mwaka ujao. A Dance with Dragons ilifika 2011.

Tatizo kubwa la miaka hiyo sita lina jina lake miongoni mwa mashabiki, fundo la Meereen. Daenerys ameketi katika mji wa Meereen akijaribu kutawala, na kutoka pembe zote za dunia watu wanamwendea: Tyrion, mwana wa mfalme wa Dorne, maharamia wa Visiwa vya Chuma, na wengineo. Afike nani kwanza? Akiwahi huyu, yule hana kazi. Akichelewa yule, harusi ya Daenerys imeshapita. Na joka linapomchukua malkia, nani atabaki mjini kutusimulia? Martin alijaribu mpangilio baada ya mpangilio, na ufumbuzi ukaja alipompa sura zake mlinzi mzee Barristan Selmy. Ndivyo ilivyo kwa mwandishi wa aina yake. Mwenyewe huwagawa waandishi mafungu mawili, wasanifu wanaochora nyumba nzima kabla ya tofali la kwanza na watunza bustani wanaopanda mbegu wakaona kitakachoota, naye hujiweka katika fungu la pili. Lakini tazama kilichotokea: kutibu fundo ameongeza mdomo mwingine wa kulishwa. Ndani ya vitabu viwili hivyo wasimulizi ni zaidi ya ishirini.

Tamthilia ya HBO ilianza mwaka 2011, ikavipita vitabu mwaka 2016 na kumalizika Mei 2019 kwa misimu minane, huku watengenezaji wakiwa wamedokezwa naye mambo makuu ya mwisho. Mapema 2016 alikuwa amewatangazia wasomaji kwamba The Winds of Winter haijakamilika na kwamba makataa yamempita. Bado haijatoka. Katikati ametoa kazi nyingine, ikiwamo Fire & Blood ya 2018, tarikhi ya ukoo wa wenye majoka, na anaendelea kuandika kwenye kompyuta ya zamani isiyounganishwa na intaneti. Wapo wanaosema mwandishi hadaiwi na mtu: ulinunua kitabu, ukakipata, mkataba umekwisha. Kisheria ni kweli. Lakini kitabu kinachoisha katikati ya sentensi ya hadithi hakikuuzwa kama kitabu kilichokamilika, na jalada lilisema ni cha ngapi. Simlaumu kwa uzee wala kwa ugumu wa kazi. Nasema tu kwamba aliyemlaumu Jordan kwa majuzuu manne yaliyozorota inabidi amtazame Martin kwa jicho hilohilo, na wengi hawafanyi hivyo kwa sababu Martin anaandika sentensi nzuri zaidi.

Patrick Rothfuss, kwa upande wake, ana sentensi nzuri kuliko wote wawili. The Name of the Wind ni ya 2007, The Wise Man's Fear ya 2011, na cha tatu hakijaonekana. Kvothe, mhusika wake mkuu, alituahidi siku tatu za kusimulia maisha yake. Tumezipata mbili.

Madhara ya madeni haya hayamwangukii Martin wala Rothfuss, ambao wameshauza. Yanamwangukia mwandishi mpya. Wasomaji walioungua wanasema hawaanzi mfululizo hadi ukamilike. Juzuu la kwanza la mtu asiyejulikana halinunuliwi, mchapishaji anatazama mauzo, la pili linatoka kwa kusitasita, la tatu halitoki. Mwishowe msomaji anasema, unaona, nilijua hautakwisha.

Aliyeielewa hofu hii kuliko wote akaigeuza biashara ni Brandon Sanderson. Kabla ya kuchapishwa alifanya kazi ya zamu ya usiku mapokezi hotelini, akitumia masaa ya kimya kuandika muswada baada ya muswada. Tangu Elantris ya 2005 hajasimama. Katika tovuti yake huweka asilimia ya kila kazi iliyofikia, kama fundi anayekuonyesha ukuta umepanda kiasi gani. Mwaka 2022 alitangaza kwamba kumbe wakati wa korona aliandika riwaya nne bila kumwambia mtu, akaziuza moja kwa moja kwa wasomaji kupitia Kickstarter na kuchangisha zaidi ya dola milioni 41. Hakuna mradi wowote katika mtandao ule uliokuwa umewahi kufika huko.

Uchawi wake una kanuni. Katika Mistborn mtu humeza vipande vya madini na kuvichoma tumboni: chuma cha pua kinamwezesha kusukuma vyuma, chuma cha kawaida kuvivuta, risasi nyeupe humpa nguvu za mwili. Anaporuka juu ya mapaa kwa kusukuma sarafu aliyoitupa chini, unajua uzito wake unahesabiwa na kwamba madini yakiisha ataanguka. Hesabu hizo humfanya msomaji awe mshiriki, kwa kuwa anaweza kukisia ufumbuzi kabla ya mhusika. Lakini kanuni zikizidi huifukuza hofu, na lugha ya Sanderson ni nyepesi mno. Watu wa dunia ya dhoruba na mapanga wanajieleza kama vijana wa Utah wa leo. The Stormlight Archive imepangwa kuwa majuzuu kumi, mizunguko miwili ya matano. La kwanza, The Way of Kings la 2010, lina kurasa nyingi lakini kila ukurasa unajua unakokwenda. La tano, Wind and Truth la Desemba 2024, linasimulia siku kumi kwa zaidi ya kurasa 1,300. Mlipaji deni mzuri kuliko wote ameanza kuonyesha dalili za ugonjwa aliomtibia marehemu Jordan.

Steven Erikson hakuzipa lawama hizi nafasi. Ni Mkanada, amesomea anthropolojia na akiolojia, na dunia ya Malazan aliibuni na rafiki yake Ian C. Esslemont kama mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika. Gardens of the Moon ilitoka 1999, The Crippled God 2011: majuzuu kumi kwa miaka kumi na miwili, kama alivyosema. Mlango wake ni mgumu. Hakuna anayekueleza nani ni nani; unaingizwa katikati ya mzingiro kama askari aliyeshushwa jana, na wengi hukiweka kitabu chini kabla ya kurasa mia mbili. Siwalaumu.

Atakayevumilia hadi kitabu cha pili, Deadhouse Gates, atakutana na safari ya Coltaine. Jemadari huyu anawavusha makumi ya maelfu ya wakimbizi jangwani, vita baada ya vita, kuelekea mji wa Aren, huku jeshi lake likipukutika. Tunamfuata kwa macho ya Duiker, mwanahistoria mzee anayeandika hesabu ya waliobaki. Wakimbizi wanaingia lango la mji. Coltaine na watu wake wa mwisho wanachinjwa juu ya kilima mbele ya kuta hizohizo, na jeshi lililojaa mjini haliruhusiwi kutoka kwa sababu mkubwa wake anaogopa. Mpiga mishale mmoja aliyeko ukutani anapewa kazi ya kumfupishia mateso. Ukishaisoma sura hiyo unaelewa kwa nini Erikson hahitaji mhusika mmoja wa kubeba majuzuu kumi: anachokiandika ni huruma ya askari wadogo ambao historia haiwataji. Naye hutatua tatizo la katikati kwa ujeuri. Kitabu cha tano, Midnight Tides, kinakwenda bara jingine na watu karibu wote wapya, na kila juzuu lina kilele chake. Waliopotea njiani ni wengi, waliofika hawakudanganywa.

Wasomaji wa Kiswahili si wageni wa hadithi ndefu za mashujaa. Utendi wa Tambuka wa Bwana Mwengo wa Pate ni wa mwaka 1728, Utenzi wa Rasi 'lGhuli una beti zaidi ya elfu nne, na mtunzi wa utenzi hamalizi kabla ya kufunga kisa na kuomba dua. Hata kubuni nchi si jambo geni. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, miaka mitatu kabla ya juzuu la kwanza la Tolkien, nchi inayoelea hewani yenye sheria zake, baraza lake na wajumbe waliotumwa pande zote za dunia, na kitabu chenyewe unakimaliza kwa jioni moja. Ninamtaja kwa sababu moja: ukubwa wa dunia ya kubuni hautegemei unene wa kitabu. N. K. Jemisin alilithibitisha hilo kwa The Broken Earth, majuzuu matatu ya 2015, 2016 na 2017, yote matatu yakipata tuzo ya Hugo mfululizo, jambo ambalo halijawahi kufanywa na mwandishi mwingine kabla yake. Tomi Adeyemi, mwenye asili ya Nigeria, alifungua na Children of Blood and Bone mwaka 2018 na akafunga hadithi yake kwa kitabu cha tatu mwaka 2024.

Ursula K. Le Guin anastahili aya yake. Earthsea, iliyoanza 1968, ni dunia ya visiwa, majahazi na wapiga upepo, ambamo watu karibu wote ni weusi au wa rangi ya udongo, na msomaji wa Lamu au Unguja atajisikia yuko karibu na nyumbani kuliko katika majumba ya Westeros, nchi ya Martin. Alimaliza vitabu vitatu mwaka 1972. Mwaka 1990 akarudi na Tehanu, na badala ya kuwapa mashabiki vita nyingine akamleta mchawi mkuu Ged akiwa hana nguvu tena, mjane wa makamo anayeitwa Tenar, na mtoto aliyeunguzwa uso. Aliuliza kwa nini katika vitabu vyake vya mwanzo hekima yote ilikuwa ya wanaume. Wapo waliokasirika. Mimi naona ndiyo njia ya heshima ya kuurefusha mfululizo: rudi pale unapokuwa na swali jipya la kuiuliza dunia yako.

Na hapo ndipo anapoingia Robin Hobb, jina nililosema hupanda. Kati ya 1995 na 2017 aliandika vitabu 16 vya dunia moja, vingi kidogo kuliko vya Jordan, na hakuna aliyebaki anamdai. Siri yake ni kwamba hakuandika mfululizo mmoja. Aliandika mitano, mitatu ya Fitz na miwili ya watu wengine wa dunia ileile, na kila mmoja una mwisho unaoweza kuuacha hapo. Fitz ni mwana wa nje wa mrithi wa kiti. Akiwa na miaka sita babu yake mzaa mama anamkabidhi kwa askari mlangoni kana kwamba anarudisha mzigo uliopotea, na usiku wa kwanza mtunza farasi Burrich, asiyejua amfanye nini, anamlaza zizini pamoja na mbwa. Mtoto analala akiwa amemkumbatia mbwa mdogo, na akili zao zinaanza kuchanganyika. Mambo yote makubwa ya vitabu 16 yamo tayari kwenye usiku huo: upweke, mapenzi kwa mnyama, na kasri ambalo litamtumia kama kisu. Anafundishwa kuua kwa siri, anazeeka, anakosea, analea. Mbwamwitu wake anapokufa katika Fool's Errand ya 2001, msomaji aliyekuwa naye tangu 1996 amefiwa.

Hobb hana vita vikubwa kama vya Erikson wala mitego kama ya Martin, na Fitz anajihurumia hadi kuna wakati unataka kumtikisa. Lakini aliwazuia wahusika wasizaane ovyo, akampa muda mtu mmoja aishi, na alipofika mwisho wake aliumaliza.

Kwa anayetaka kuanza, basi, aanze na Assassin's Apprentice, kitabu cha kwanza cha Fitz. Akitaka maajabu yenye kanuni, Mistborn inatosha, na ina mwisho katika majuzuu matatu. Jordan asomwe na mwenye likizo ndefu, na asione haya kuruka kurasa kuanzia juzuu la nane hadi la kumi. Erikson ni wa yule asiyekata tamaa mapema. Na Martin msome pia, majuzuu matatu ya kwanza. A Storm of Swords ikiisha, simama hapo, hayo mengine yangoje hadi ayamalize.